Muuliza Bei na Vidonge vya Mama Yake

Mtaa mzima ulimwita mpwa wangu Bei Gani, na sidhani kama nusu yao walilijua jina alilopewa na baba yake. Alikuwa kibarua wa Ofisi ya Takwimu. Kila mwezi, kuanzia tarehe tano hadi kumi na tano, alipita maduka thelathini na mawili yale yale, akauliza bei za vitu vile vile, akaziandika. Mkate wa kawaida. Sabuni ya mche. Nyama ya ng'ombe yenye mfupa, kilo moja. Misumari ya inchi tatu. Kunyoa nywele, mtu mzima. Jeneza la mbao laini, saizi ya kati. Aliuliza hivyo miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo hakununua hata kiberiti mahali alipouliza, kwa sababu kanuni ya kwanza ya ofisi yao ilikuwa: usinunue unapouliza. Waliogopa mwenye duka atampunguzia mkusanya bei kwa kuwa ni mteja wake, halafu namba ziharibike.

Mwenye bucha ndiye aliyemtania zaidi.

"Bei Gani! Miaka yote hii unamuulizia huyu ng'ombe, utadhani unataka kumposa!"

"Nijibu tu, mzee. Kilo?"

"Mahari haijapanda. Andika ile ya mwezi jana."

Na yeye alicheka, akaandika. Alikuwa na mwandiko mzuri, wa kuegemea kidogo kulia, kama wa mama yake.

Mimi ni mjomba wake. Nilikuwa fundi rangi hadi bega langu la kulia lilipokataa kwenda juu ya kichwa, na fundi rangi asiyefika dari hana kazi. Nilichoka kukaa nyumbani, nikawa namsindikiza. Nilimbebea mizani yake ndogo ya kuning'iniza. Ofisi haikumpa mizani hiyo, aliinunua mwenyewe, maana aliona mkate bei yake haibadiliki lakini mkononi unakuwa mwepesi. Siku moja aliupima mbele ya mwenye duka, ukakosa gramu arobaini. Akaandika ofisini kwamba mkate umepanda bei kwa kupungua, na wakamkubalia, kwa sababu fomu ya mkate ina kisanduku cha uzito. Alitembea siku ile kama mtu aliyekamata mwizi. Nawaambieni hili ili mjue hakuwa mzembe. Yaliyompata hayakutokana na uzembe.

Kwanza nieleze zile bei zilikuwa zinakwenda wapi, maana hata mimi nilichelewa kuelewa. Shule niliishia darasa la saba, tena kwa kusukumwa. Alinieleza kwa lugha ya kazi yangu.

"Mjomba, ukimimina ndoo kumi za rangi tofauti kwenye pipa moja, si unapata rangi moja?"

"Unapata tope."

"Haya, tope. Basi hilo tope ndilo wanaloliona wakubwa."

Tope lenyewe ni namba moja inayosomwa redioni: mfumuko wa bei ni asilimia kadhaa. Benki Kuu inaiangalia ndipo iamue riba ipande au ishuke. Hazina nayo inaiangalia kila mwezi wa saba, ndipo iamue wastaafu waongezwe kiasi gani, ili pensheni isiachwe nyuma na bei. Namba ikiwa tatu, mstaafu anaongezwa tatu kwa kila mia. Ikiwa ishirini, anaongezwa ishirini.

Mmoja wa wastaafu hao alikuwa dada yangu, mama yake Bei Gani. Alikuwa mkunga wa hospitali ya serikali kwa miaka thelathini na sita. Nusu ya wanaume waliomzomea mwanawe mtaani, yeye ndiye aliyewakata kitovu, na hakuacha kuwakumbusha. "Wewe ulitoka miguu mbele," alimwambia kinyozi mmoja mbele ya wateja wake, "ndiyo maana mpaka leo unafanya mambo kinyume." Alikuwa na presha. Dawa yake ilikuwa kidonge kimoja cheupe kila asubuhi, na pakiti ilikuwa ya vidonge thelathini. Pensheni yake ilikuwa elfu arobaini, na elfu kumi na nane ilikuwa ya kodi ya chumba.

Sasa kile kidonge kilikuwa pia kwenye orodha ya mpwa wangu. Nambari ishirini na saba: dawa ya presha, pakiti moja.

Bei za dawa zilipoanza kupanda kwa fujo, serikali ilitangaza bei elekezi, yaani bei ambayo muuzaji haruhusiwi kuipita. Pakiti ile ikawekewa elfu mbili. Watu tulishangilia, hata mimi nilishangilia. Muuza dawa wetu, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliandika elfu mbili kwenye kipande cha boksi akakiweka juu ya kaunta ili wakaguzi wakione. Mwezi uliofuata pakiti zikaisha. Yeye mwenyewe alikuwa anainunua kwa elfu mbili na mia nne, sasa aiuze elfu mbili kwa faida ya nani? Boksi likabaki kaunta, na dawa ikahamia chumba cha nyuma, ambako ulinunua kwa bei nyingine ukifahamika.

Mpwa wangu alikwenda kwa bosi wake kuuliza aandike ipi.

"Iliyobandikwa ni ngapi?" bosi aliuliza.

"Elfu mbili. Lakini haipo, bosi."

"Kama haipo unaandika ya mwezi uliopita. Mwezi uliopita ilikuwa ngapi?"

"Elfu mbili."

"Sasa shida yako nini?"

Akaandika elfu mbili. Mwezi uliofuata akaandika elfu mbili. Aliandika elfu mbili miezi ishirini, kwa mwandiko ule ule wa kuegemea kulia, na wakati huo chumba cha nyuma kilikuwa kimefika elfu kumi na moja. Yeye hakwenda huko nyuma kununua, kanuni ilimkataza. Dawa ya mama yake nilinunua mimi. Alinipa hela nje ya mlango, akasimama upande wa pili wa barabara anaangalia nguzo ya umeme.

Halafu hela zenyewe zikapungua. Serikali ilisema nayo inajibana ili kuisaidia Benki kutuliza bei. Wakusanyaji walikuwa kumi na wawili, wakabaki saba, na malipo ya vibarua yakawa yanakuja baada ya miezi miwili, mara mitatu. Mpwa wangu alikuwa na mke na watoto watatu shuleni. Alipoanza kunipa nusu ya hela ya dawa, dada yangu hakulalamika. Alichukua wembe, akawa anakata vidonge katikati juu ya sahani ya bati. Alikata vizuri mno, mkono wa mkunga.

"Wamenipa pensheni ya nusu mshahara," aliniambia, "na mimi nawapa nusu ya presha."

"Dada, nusu inatosha kweli?"

"Mdogo wangu, mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watu haitoshi."

Aliposema hivyo akaendelea kukata.

Mchana mmoja wa mwezi wa kumi na mbili, tukiwa chumbani kwake watatu tunakunywa chai, redio ikasoma ile namba. Tatu nukta moja. Msomaji akaongeza kwamba bei za dawa zimetulia mwaka mzima. Dada yangu aliweka kikombe chini.

"Zimetulia wapi? Hebu nani huyo anayewaambia hivyo? Nimwone uso."

Mpwa wangu alikuwa anatazama miguu yake. Mimi nikajifanya nakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Nawauliza nyie wanaume."

"Ni mimi, mama," akasema.

Akamweleza yote, boksi la kaunta, fomu, miezi ishirini. Dada yangu alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mwisho akasema, "Kwa hiyo wakinihesabia nyongeza mwezi wa saba, kidonge changu kitakuwa elfu mbili."

"Ndiyo, mama."

"Na umeandika kwa mwandiko wangu."

Akamwongezea chai. Nadhani kama angempiga kofi, mpwa wangu angelimeza kwa urahisi zaidi.

Mwezi wa kwanza, Benki Kuu ilileta binti wa idara yao ya utafiti kuona bei zinavyokusanywa. Alikuwa binti mstaarabu, mwenye viatu visivyofaa barabara zetu, na alitusalimia shikamoo wote wawili hata mpwa wangu ambaye hakustahili. Nikamwambia niliwahi kupaka rangi korido moja ya Benki yao, ghorofa ya pili, rangi ya maziwa. Akasema korido hiyo sasa ni ya bluu. Niliumia kidogo, lakini tuendelee.

Mvua ilitukuta karibu na duka la dawa, tukajibanza barazani. Ndipo mpwa wangu akamuuliza kazi yao hasa ni nini.

"Tunatafuta njia bora, kaka," akasema. "Riba ikipanda sana, watu wanafunga biashara, wanakosa kazi. Ikishuka sana, bei zinakimbia. Hazina nayo ina kodi na matumizi yake. Tunapiga hesabu tuone ni mchanganyiko upi utawaacha watu, kwa jumla, na ustawi mkubwa zaidi. Au tuseme maumivu madogo zaidi."

"Kwa jumla."

"Ndiyo, kwa wastani."

"Na mama yangu yumo humo kwenye wastani?"

"Yumo. Kila mtu yumo."

"Na bei ya kidonge chake mnaitoa wapi?"

Binti alimtazama kama hajaelewa swali. "Kwako," akasema.

Mvua ikaendelea kunyesha. Kisha mpwa wangu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaingia dukani, akapita kaunta, akamwita binti waingie chumba cha nyuma. Muuza dawa alianza kujitetea akidhani ni wakaguzi. Tulipomtuliza, akataja elfu kumi na moja, akaonyesha na pakiti zenyewe ndani ya boksi la sabuni. Binti hakuandika kitu. Alitoka nje akasimama mvuani bila kujikinga.

"Andika ya kweli, kaka," akasema. "Na mimi huko nitasema."

Jioni ile mpwa wangu akaandika elfu kumi na moja. Akaituma. Asubuhi yake bosi akampigia.

"Umelewa? Mashine imekataa nambari ishirini na saba."

"Ndiyo bei yake, bosi."

"Bei yoyote inayoruka zaidi ya moja ya kumi kwa mwezi mmoja, mashine inajua ni kosa la mkusanyaji. Inaitupa, inarudisha ya zamani. Imerudisha elfu mbili."

"Haikuruka mwezi mmoja. Imepanda miezi ishirini."

"Kwenye mashine haijapanda hata siku moja. Wewe ndiye uliyeandika, au siyo?"

Hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa ameandika kweli tangu mwanzo, kidogo kidogo, mashine ingekubali. Alikuwa ametii miezi ishirini, na utii wake ndio ulioufanya ukweli uonekane kosa. Binti wa Benki alimpigia baada ya wiki mbili. Alisema amesema, na wamemjibu kwamba hesabu zinafanywa kwa namba iliyotangazwa, haziwezi kufanywa kwa namba aliyoisikia chumba cha nyuma. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. Sikumlaumu.

Mpwa wangu akaja na mpango. Kama mashine inakubali moja ya kumi, basi atapanda moja ya kumi kila mwezi. Moja ya kumi naielewa, ni kibakuli kimoja cha maji kwenye vibakuli kumi vya rangi. Mwezi wa pili akaandika elfu mbili na mia mbili. Mashine ikapokea. Mwezi wa tatu, elfu mbili mia nne na ishirini. Ikapokea.

"Sasa unadanganya," nikamwambia.

"Ndiyo, mjomba. Nadanganya kuelekea kwenye kweli."

"Utafika lini?"

Alikuwa ameshapiga hesabu. Kuifikia ile elfu kumi na moja kwa ngazi za moja ya kumi kungechukua miezi kumi na minane, hapo bei ya chumba cha nyuma ikiwa imesimama. Na haikusimama. Mwezi wa saba, mwezi wa nyongeza, yeye alikuwa kwenye elfu tatu mia tano na kitu, na chumba cha nyuma kilikuwa elfu kumi na tatu. Namba ya redio ikasema tatu nukta tatu. Dada yangu akaongezwa elfu moja na mia tatu.

Alizishika zile hela akazigeuza.

"Mwanangu," akasema, "vidonge vitatu hivi."

"Mwakani zitakuwa zaidi, mama. Nitakuwa nimefika juu."

"Haya, baba. Panda tu."

Akawa anakata kidonge vipande vinne. Robo haikatiki vizuri hata kwa mkono wa mkunga, inavunjika unga. Alikuwa analamba kidole na kuokota ule unga kwenye sahani. Mwezi wa tisa, siku ya Jumanne saa nne asubuhi, nilimkuta ameegemea mlango, upande wa kushoto wa mdomo umeshuka. Alitaka kuniambia kitu. Nilimwinamia, sikuelewa, nikamwambia nimeelewa. Hospitali aliyofanyia kazi miaka thelathini na sita ilimpa kitanda siku sita, na siku ya saba akafa. Mpwa wangu alikuwa kwenye mzunguko wa maduka, nambari kumi na tisa, misumari.

Kesho yake tulikwenda kwa seremala wa majeneza. Huyu naye alikuwa kwenye orodha, nambari thelathini na mbili, wa mwisho kila mwezi. Alikuwa anapiga randa. Alipomwona mpwa wangu alicheka, maana habari haikuwa imemfikia.

"Bei Gani! Mbona leo umewahi? Si bado zamu yangu. Ya kati, mbao laini, elfu thelathini na mbili, kama kawaida. Andika uende."

"Leo sijaja kuuliza," akasema mpwa wangu. "Nanunua."

Seremala aliweka randa chini. Akanitazama mimi, nikatikisa kichwa. Akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Pole sana, ndugu yangu. Ni nani?"

"Mama."

"Mkunga? Aliyemzalisha mke wangu?" Akakaa kwenye ubao. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi kwako wewe nitafanya elfu sabini na tano."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Umesema thelathini na mbili," nikamwambia.

"Hiyo ni ya fomu, mzee wangu." Hakuwa anatucheka, alikuwa anaona haya. "Mtu anakuja na karatasi za serikali, anauliza bei, hanunui, miaka nenda rudi. Tukafikiri ni mambo ya kodi. Tulikubaliana zamani na wenzangu, yule ukimtajia bei kubwa utaongezewa kodi. Kila mtu ana bei yake ya kumpa Bei Gani. Mwenye bucha, mwenye misumari, kinyozi." Akamgeukia mpwa wangu. "Tulidhani na wewe unajua."

Mpwa wangu alisimama na mfuko wake begani, ule wa fomu. Nilikuwa nimeshika mizani yake, sijui kwa nini niliibeba siku ile. Niliyafikiria maduka yale thelathini na mawili, mlango kwa mlango, na kicheko cha mwenye bucha. Mkate peke yake ndio aliokuwa anaupima.

Tulichanga, tukapungukiwa, seremala akatushushia hadi sabini. Tukamzika dada yangu.

Nilidhani ataiacha ile kazi. Lakini watoto walikuwa watatu, na hakuna mahali pengine palipokuwa panaajiri, riba ilikuwa imepanda tena. Tarehe tano ya mwezi uliofuata alinipitia nikamfuata. Nambari ishirini na saba aliandika elfu nne mia saba, ngazi nyingine ya moja ya kumi, kwa ajili ya vidonge ambavyo hatukuwa na wa kumpa. Kwa mwenye bucha hakukuwa na utani, alitajiwa bei, akaandika. Tarehe kumi na tano tukafika kwa seremala.

Seremala aliinuka akatusalimia kwa heshima, akatupa kigoda. Mpwa wangu akafungua fomu.

"Jeneza la mbao laini, saizi ya kati," akasoma. "Bei gani?"

Yule mtu alimtazama, akanitazama na mimi. Akatazama karatasi zenye muhuri.

"Elfu thelathini na mbili," akasema.

Na mpwa wangu akaandika.